Jina Lisomwe Kutoka Mkiani

Kati ya maandishi yote yanayoingia majumbani mwetu siku hizi, ni machache yaliyo mafupi kuliko yale ya stika ndogo inayobandikwa karibu na kiganja kwenye kompyuta ya mapajani. Wala sidhani kama yapo mengine yanayotoa fedha nyingi mifukoni kwa maneno machache kiasi hicho. Maneno mawili, tarakimu moja, rangi kidogo, basi. Mtu huyasoma dukani mara moja, hulipa, na baada ya hapo hayaangalii tena mpaka stika ichakae na kubanduka. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Tunauliza mtunzi ni nani, hadhira yake ni nani, fani yake ikoje, na maudhui yake yana ukweli gani. Sioni sababu ya kutoliuliza jina la prosesa maswali hayo hayo, kwani nalo ni utungo: lina mtunzi anayelipwa, lina hadhira iliyokusudiwa, lina jambo linalolisema na jambo linalolinyamazia.

Prosesa, ambayo wataalamu wetu wa lugha huiita kichakataji, ni ile chipu inayofanya kazi yenyewe ya kompyuta: kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha, kuamua hatua ifuatayo. Vilivyobaki vyote huihudumia au huisubiri. Betri ikifa utanunua nyingine, diski ikijaa utabadilisha, na katika kompyuta nyingi hata RAM huongezwa. Lakini prosesa ya kompyuta za mapajani za miaka hii huwa imelehemiwa kwenye ubao mkuu, haitoki. Ukishalipa umefunga nayo ndoa. Kwa hiyo kujua ni prosesa ya aina gani si udadisi wa mafundi tu, ni haki ya kila atoaye fedha yake. Hoja yangu ni kwamba jina hilo husomwa vibaya kwa sababu limeandikwa lisomwe vibaya. Kilichoandikwa kwa herufi kubwa aghalabu hakina habari nyingi, na habari yenyewe imefichwa mkiani.

Hapo mwanzo majina haya hayakuwa na makuu. Intel, kampuni ya Kalifornia, ilitoa prosesa yake ya kwanza mwaka 1971 ikaiita 4004. Ndani yake mlikuwa na transista zipatazo 2,300. Mwaka 1978 ikaja 8086, mama wa ukoo ambao mpaka leo umejaa katika kompyuta nyingi za Windows. Zikafuata 286 mwaka 1982, 386 mwaka 1985, na 486 mwaka 1989. Kwa upande wa fani majina hayo yalikuwa makavu kama namba za mafaili ya masjala. Hata hivyo yalikuwa na adabu moja: aliyejua kuhesabu alijua ipi ni mama na ipi ni mtoto. Mwenye 386 hakuhitaji kumwuliza mwenye duka kama 486 ni mpya kuliko yake.

Lakini namba haina mwenyewe. Kampuni ya AMD nayo ilitengeneza 386 zake, na mwaka 1991 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba Intel haiwezi kuimiliki namba hiyo kama chapa ya biashara. Mwaka huo huo Intel ilianzisha kampeni yake ya "Intel Inside", ikiwachangia watengenezaji wa kompyuta gharama za matangazo ili nao waioneshe alama hiyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangu hapo kizuri na kibaya vyote vinatembezwa, na kwa stika ya namna moja. Zamu ya 586 ilipowadia mwaka 1993, haikuitwa 586 bali Pentium. Mwanzo wa neno hilo ni "tano" ya Kiyunani, na mwisho wake una mlio wa madini ya maabara. Ni neno lililobuniwa kwa ustadi, nami sina ugomvi na ustadi wake. Ninachotaka kukionesha ni mahali lugha ilipogeuka: namba ilikuwa ikihesabu, jina likaanza kusifu.

Jina hilo lilipanda pia mbegu nyingine, ambayo sidhani kama watunzi wake waliitarajia. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely, mwanahisabati wa chuo kimoja huko Virginia, aligundua kwamba Pentium ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kosa lilikuwa la nadra, na mwanzoni kampuni ilitaka mteja aoneshe kwanza kwamba kazi zake zinaguswa na kosa hilo ndipo abadilishiwe. Wateja hawakukubali. Desemba mwaka huo Intel ilikubali kumbadilishia yeyote atakayeomba, na gharama yake ikatajwa kuwa dola milioni 475. Zamani mtu angemlaumu aliyemwuzia kompyuta. Safari hii alijua jina la kilichomo ndani, na jina lilimpa mahali pa kwenda kudai. Ndiyo maana silaumu kuwapo kwa majina. Ninalohoji ni jina linapoacha kumtambulisha mwenye jina.

Baada ya hapo sifa ikahamia kwenye mapigo. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo ya saa, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Pentium 4 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na gigahezi 1.5 hivi, kufikia mwaka 2004 ilikuwa imefika 3.8. Matangazo yakawafundisha watu kwamba mapigo mengi ndiyo kazi nyingi. Aliyewahi kusimama kwenye kinu anajua kasoro ya fundisho hilo. Idadi ya mapigo ya mchi haikuambii unga utakaopatikana. Lazima ujue pia kila pigo linasaga kiasi gani, na watwangaji ni wangapi. Pentium 4 iliundwa ipige haraka, na kila pigo likawa jepesi. Joto likazidi, umeme ukazidi, na mwaka 2004 Intel ikauweka kando mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Wakati huo huo, tangu mwaka 2003, ilikuwapo Pentium M iliyobuniwa na wahandisi wa Intel wa Haifa, Israeli, kwa ajili ya kompyuta za mapajani. Hiyo ilipiga polepole na kusaga vizuri. Basi dukani zilikaa pamoja chipu mbili zenye jina moja la Pentium na falsafa mbili zinazopingana, na stika haikumweleza mtu lolote juu ya jambo hilo.

AMD haikuwa na unyofu zaidi, ilikuwa na werevu zaidi. Mwaka 2001 ilitoa Athlon XP 1800+. Msomaji wa haraka alidhani hizo ni megahezi 1800. Zilikuwa 1533. Kampuni ilijitetea kwamba chipu yake husaga zaidi kwa kila pigo, na ilisema kweli. Lakini ukweli uliovaa nguo za namba nyingine ni kitu cha kutahadhari nacho.

Sasa tufike kwenye majina tunayokutana nayo sana katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya barabara ya Luthuli, Nairobi, ambako kompyuta zilizotumika hufika kutoka Ulaya, Marekani na Ghuba baada ya maofisi ya huko kuzichoka. Mwaka 2008 Intel ilileta jina Core i7, mwaka 2009 Core i5, na mwaka 2010 Core i3. Tarakimu hizo hazihesabu kitu chochote. Core i7 si lazima iwe na viini saba, wala Core i5 si kizazi cha tano. Ni vyeo, kama koplo, sajini na meja. Cheo kina maana yake ndani ya jeshi moja na wakati mmoja. Ukichukua prosesa za mwaka mmoja na za posho moja ya umeme, i7 itaizidi i5, nayo i5 itaizidi i3. Hilo ni la kweli, na ni haki kulisema. Lakini stika haisemi ni jeshi gani wala mwaka gani.

Kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, aliniomba nimsindikize kununua kompyuta iliyotumika. Tukawekewa mbili mezani, za umbo moja na unene mmoja. Mwuzaji, mtu mstaarabu na mcheshi, aligonga ya kwanza kwa kidole. "Mzee wangu, hii ni Core i7, haina mpinzani. Hiyo nyingine ni i5 tu." Ya kwanza ilizidi bei kwa shilingi laki moja na nusu. Tukaziwasha. Ya kwanza ilijitambulisha kuwa i7-7500U, gigahezi 2.7, ya pili i5-8250U, gigahezi 1.6. Kwa hiyo stika ilisema ya kwanza ndiyo bora, na gigahezi nazo zikasema ya kwanza ndiyo bora. Mashahidi wawili walikubaliana, na wote wawili walipotosha. Ya kwanza ni ya mwaka 2016 na ina viini viwili. Ya pili ni ya mwaka 2017 na ina viini vinne, yaani watwangaji wanne mahali pa wawili. Zote zimepewa posho moja ya umeme, wati 15. Ya pili ilionesha gigahezi chache kwa kuwa watwangaji wanne wanagawana chakula kile kile, na wote wakifanya kazi kwa muda mrefu hupunguza mwendo. Ikiwa ni kazi ndogo ya mtwangaji mmoja, i5 hiyo huweza kupanda kwa muda mfupi hadi 3.4, na i7 ile hadi 3.5. Tofauti yao hapo hata hutaihisi. Kijana alichukua i5, na chenji ikaongezwa kwenye ada yake.

Simwiti mwuzaji yule tapeli. Alisoma kilichoandikwa kwa herufi kubwa, akakiamini, kama wanavyokiamini wateja wake. Aliyeandika ndiye wa kuulizwa.

Hebu tulichambue jina zima, i5-8250U, kama tunavyochambua mshororo. i5 ni cheo. Tarakimu 8 ni kizazi, yaani umri. 250 ni nafasi ya chipu hiyo miongoni mwa ndugu zake. Herufi U ni posho ya umeme. Katika yote hayo, kilichochapwa kwenye stika kwa ukubwa ni cheo, na kwenye stika za miaka mingi hakikuwapo kingine. Umri na posho, mambo mawili yanayoamua zaidi, yako mkiani, na mkia hauonekani mpaka kompyuta iwashwe au boksi lisomwe kwa miwani. Herufi U huashiria kompyuta nyembamba za wati 15 hivi. H, au HQ kwa zile za zamani, ni wati 45 hivi, chipu ya kazi nzito inayohitaji feni kubwa na kumaliza betri upesi. Y ni umeme kidogo sana. Hivyo i7 yenye U na i7 yenye HQ za kizazi kile kile cha saba hazifanani: i7-7500U ina viini viwili, i7-7700HQ ina vinne.

Tangu kizazi cha kumi mkia nao ulipata utata wake. Chipu yenye namba 1035G1 ni ya kizazi cha 10, 1135G7 ni ya 11, na 1235U ni ya 12. Mtu aliyezoea kusoma tarakimu ya kwanza atadhani zote ni za kizazi cha kwanza. Wapo wanaouziwa hivyo kwa bei ya chini na kufurahi, na wapo wanaozikataa bila kujua walichokikataa. Kumbukumbu ya kusaidia ni hii: Core za kizazi cha kwanza kabisa zilikuwa na tarakimu tatu, kama i7-620M. Kwa hiyo ukiona tarakimu nne zinazoanza na moja kwenye kompyuta ya mapajani, soma mbili za mwanzo kwa pamoja.

Lakini mfano ninaouona kuwa mbaya zaidi kwa upande wa maadili ya utunzi ni ule wa herufi Y. Mwaka 2015 Intel iliziita chipu zake za umeme mdogo Core m3, m5 na m7. Zilikuwa chipu za kompyuta nyembamba zisizo na feni, na herufi m ilimwonya mnunuzi kwamba ameingia chumba kingine. Mwaka 2016 m5 na m7 zilifutwa, na warithi wao wakaitwa Core i5 na Core i7: i5-7Y54 na i7-7Y75, chipu za wati 4.5. Onyo likaondolewa kichwani, likasukumwa katikati ya tarakimu ambako ni jicho la fundi tu litakaloliona. Hapakuwa na uongo wowote. Kila herufi ilikuwapo. Ila mpangilio uliwekwa ili mtu asome i7 na kunyamaza. Katika uhakiki wa fasihi tungesema fani imetumika kuyaficha maudhui.

Wapo watakaowatetea watunzi hao. Watasema mnunuzi wa kawaida hana haja ya viini wala wati. Anataka kuambiwa hii nzuri, hii nzuri zaidi, hii bora. Utetezi huo una uzito. Mimi mwenyewe ninaponunua redio sitaki kufundishwa umeme. Lakini vyeo vingemsaidia mnunuzi huyo kama soko lake lingekuwa la kompyuta mpya za mwaka mmoja zilizopangwa rafu moja. Soko letu si hilo. Juu ya meza zetu hukaa pamoja i7 ya mwaka 2010 na i3 ya mwaka 2018, na cheo kilichokuwa cha kweli mjini kwao kimevuka bahari bila tarehe yake.

AMD ilijaribu kuandika mkia ulio wazi. Kwa kompyuta za mapajani za Ryzen 7000 ilitangaza hadharani maana ya kila tarakimu. Chukua Ryzen 5 7520U: 7 ni mwaka wa jina, yaani 2023, 5 ni daraja, 2 ni muundo wa ndani, uitwao Zen 2. Sasa linganisha na Ryzen 5 7640U, ambayo tarakimu yake ya tatu ni 4, yaani Zen 4. Zen 2 ni muundo wa mwaka 2019, Zen 4 ni wa mwaka 2022. Ya kwanza ina viini vinne, ya pili sita. Stika zao zote husema Ryzen 5. Unaweza kuwasifu kwa kuchapisha ufunguo, na ninawasifu. Lakini ufunguo wa mlango uliopo Marekani haumfai aliyesimama mlangoni Kariakoo. Na umri umewekwa nafasi ya tatu, nyuma ya mwaka mpya unaong'aa nafasi ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2023 Intel ilitoa waraka wa kuwabeza AMD kwa jambo hilo, kisha ikauondoa. Mwezi uliofuata, Januari 2024, Intel yenyewe ilitoa Core 7 150U, jina jipya kwa muundo uliokuwapo sokoni kabla yake. Nyani haoni kundule.

Majina ya chini nayo yana historia yake. Celeron ilianza mwaka 1998, na neno lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya wepesi wa mwendo. Ikapewa chipu ya bei nafuu iliyopunguzwa viungo. Baadaye jina hilo, pamoja na Pentium iliyokwisha kushuka daraja, lilitumika kwa koo mbili tofauti: moja iliyotoka katika ukoo wa Core, nyingine katika ukoo wa Atom uliokusudiwa umeme mdogo. Celeron N4020, yenye viini viwili na wati sita, ni ya ukoo huo wa pili. Mwaka 2023 Intel iliyaondoa majina yote mawili kwenye kompyuta mpya za mapajani, ikaweka mahali pake "Intel Processor". Huo ndio mwisho wa safari: jina lisilosema chochote ila kwamba prosesa ni prosesa.

Basi ukweli unapatikana wapi? Unapatikana kwa kuiuliza chipu yenyewe. Tangu enzi ya Pentium, prosesa za ukoo huu zina amri ndani yake ambayo programu ikiitoa, chipu hujibu kwa kujitaja. Sehemu ya kwanza ya jibu ni herufi 12 za mtengenezaji. Za Intel husomeka GenuineIntel, na za AMD husomeka AuthenticAMD. Maneno yote mawili yana maana ya "halisi". Hata ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mteja, majirani hawa wawili wanabishana nani ni wa kweli. Lakini baada ya majigambo hayo chipu hutaja jina lake lote mpaka mkiani, na hapo ndipo pa kusikiliza.

Kwenye Windows, bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi X, kisha ingia kwenye System. Mstari wa Processor utakupa jina zima. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, utaona idadi ya viini imeandikwa Cores. Chini yake pana Logical processors, namba ambayo mara nyingi huwa kubwa zaidi; usiichukue hiyo kuwa idadi ya viini, kwani ni kiini kimoja kilichopewa mafungu mawili ya kazi. Kwenye Linux andika lscpu. Kwenye Mac fungua alama ya tofaa pembeni, chagua maelezo ya kompyuta hiyo. Kazi yote haizidi dakika mbili, na mwuzaji atakayekunyima dakika mbili hizo amekwisha kukujibu.

Ukishapata jina, uliza maswali manne kwa mfuatano huu. Ni ya ukoo gani? Ni ya mwaka gani? Ina viini vingapi? Inaruhusiwa umeme kiasi gani? Cheo kiwe swali la tano, la kutofautisha zilizolingana katika hayo manne.

Swali la ukoo limezidi kuwa zito miaka hii. Kwa muda mrefu karibu kompyuta zote za Windows zilizungumza lugha moja ya mashine, ile iliyoanzia 8086, na AMD ndiyo iliyoipanua mwaka 2003 ifikie biti 64. Novemba 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye chipu yake M1, inayozungumza lugha nyingine, ya ARM. Na mwaka 2024 zikaja kompyuta za Windows zenye Snapdragon X, za lugha hiyo hiyo. Hizi ni chipu nzuri, zinatunza betri. Lakini programu iliyoandikwa kwa lugha ya zamani huhitaji mkalimani ndani ya kompyuta. Mara nyingi mkalimani huyo anafaulu. Ila vile viprogramu vinavyoendesha vifaa, kama printa ya zamani ya dukani, hatafsiri; lazima viwe vimeandikwa upya kwa lugha ya ARM. Mtu mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala aliyenunua kompyuta nzuri ya lugha ngeni anaweza kujikuta ana mashine ya kasi isiyoelewana na printa yake.

Na swali la mwaka limekuwa na bei ambayo haikuwapo zamani. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft iliweka mpaka: kwa upande wa Intel, isipokuwa chipu chache, msaada unaanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Matokeo yake ni ya ajabu. i7-7700HQ, yenye viini vinne na wati 45, imeachwa nje. Celeron N4020, yenye viini viwili na wati sita, imeingia. Sisemi Celeron ni bora. Kwa nguvu haifiki popote karibu na ile nyingine. Na mwenye i7 hiyo anaweza kuweka Linux na kuendelea miaka mingi. Ila kwa mwalimu au karani ambaye kazi yake yote iko kwenye Windows, umri uliofichwa mkiani umegeuka kuwa tarehe ya kuisha. Kompyuta nyingi za kizazi cha sita na cha saba zinaendelea kufika katika masoko yetu zikiwa zimesafishwa vizuri, zimebandikwa stika mpya, na neno i7 likiwa mbele.

Hukumu yangu basi ni hii. Majina haya si uongo, na anayeyaita uongo anayakosea. Ni sifa, na sifa ina haki yake ya kupendeza. Kosa ni kuivika sifa mavazi ya kipimo, tarakimu zinazofanana na hesabu na ambazo hazihesabu, kisha kipimo halisi kikaandikwa kwa maandishi madogo. Kopo la maziwa ya unga katika duka la mtaani kwetu lina tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha, na uzito uliomo. Dawa ya mafua ya shilingi chache ina hayo hayo. Kompyuta inayokula akiba ya mwaka mzima ya mwanafunzi ingeweza kubeba stika isemayo: muundo wa mwaka 2016, viini viwili, wati 15. Maneno hayo yanaenea pale pale palipokaa i7, na mtoto wa darasa la tano angeyaelewa. Mpaka siku hiyo ifike, kompyuta iwashwe kabla ya kulipa, na jina lisomwe kutoka mkiani.